Kitabu Hakijatoka, Ugomvi Umeshafika: Kuielewa Subira ya Wachezaji wa D&D

Mtu asiyeijua michezo hii ya kusimulia mezani akipita Kansanga, mtaa wa Kampala, jioni ya Jumamosi, awasikie vijana sita wakibishana juu ya kitabu ambacho hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukishika, atadhani ni mambo ya dini. Sauti ziko juu, mmoja amesimama, mwingine anasoma kitu kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Hoja yenyewe ni hii: je, shujaa wa kiapo ataruhusiwa kupiga pigo lake takatifu mara mbili katika zamu moja, kama zamani, au mara moja tu? Kitabu chenye jibu kiko Marekani na hakijafika hata dukani, lakini watu wameshanuniana.

Ilikuwa katikati ya mwaka 2024, na kitabu kilichosubiriwa kilikuwa toleo jipya la kanuni za Dungeons & Dragons, au D&D kama kila mtu anavyouita. Wasiocheza huniuliza swali lile lile: mtu mzima anakosaje usingizi kwa ajili ya kitabu cha kanuni? Riwaya mpya ya mwandishi umpendaye, sawa. Albamu, sawa. Lakini majedwali ya silaha na orodha ya maapizo ya uchawi?

Mchezo wenyewe si mgumu kuueleza. Watu wanne, watano au sita wanakaa mezani. Mmoja ni msimulizi: ndiye anayejua ngome ina milango mingapi, nani analinda, na joka limelala wapi. Wengine, kila mmoja ana mhusika wake, ambaye nguvu zake, mali zake na hata aibu zake zimeandikwa kwenye karatasi. Mchezaji anasema mhusika wake anafanya nini, na pale matokeo yanapokuwa na shaka hurushwa dadu, mara nyingi ile ya pande 20. Hakuna anayeshinda. Hadithi haiishi kwa kikao kimoja; kampeni moja inaweza kuchukua miezi, hata miaka, na mhusika anapanda ngazi moja moja kuanzia ya 1 hadi ya 20. D&D ndio mzee wa ukoo huu. Ulitolewa mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, na kampuni iliyouchapisha ilitoka mji mdogo wa Lake Geneva huko Wisconsin. Leo unamilikiwa na Wizards of the Coast, ambayo nayo ni mali ya Hasbro tangu 1999. Ipo michezo mingine mingi ya aina hii, na mshindani anayetajwa zaidi ni Pathfinder wa kampuni ya Paizo, uliotoka 2009.

Kansanga ni mtaa wa wanafunzi. Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala kiko hapo, nacho kwa miaka mingi kimevuta Wakenya na Watanzania. Ndiyo maana meza ninayoizungumzia inaendeshwa kwa Kiswahili: wapo wa Mombasa, wa Mwanza, kaka mmoja wa Goma, na Waganda wawili ambao Kiswahili chao hunyooka vizuri mpaka wakasirike, hapo Luganda inachukua usukani.

Katika meza kama hiyo msimulizi angeweza kubuni kila kitu kutoka kichwani. Wengine hufanya hivyo na mchezo unanoga. Ila upanga ukishainuliwa, wote wanataka kujua kwa usawa nini kinafuata, na hapo ndipo kitabu kinapofanya kazi yake. Ni mapatano yaliyoandikwa na mtu wa mbali asiye na ndugu mezani. Bila hayo, kila pigo linakuwa neno lako dhidi ya langu. Sasa fikiria ligi iko katikati, timu yako inaongoza, halafu inatangazwa kwamba kuanzia Septemba sheria ya kuotea itabadilika. Hakuna shabiki atakayesema atasoma akipata nafasi. Kitabu kipya cha kanuni hakimkuti mchezaji akiwa mikono mitupu. Kinamkuta katikati ya safari, na mhusika aliyemlea kwa muda mrefu. Kwa hiyo hamu yake imechanganyika na hofu, na mara nyingine hofu ndiyo nyingi.

Chukua lile pigo takatifu. Katika kitabu cha 2014, cha toleo la 5, paladini, yaani shujaa wa kiapo, alikuwa akimpiga adui kwanza, akiona pigo limeingia ndipo anaamua kama atumie akiba yake ya uchawi kuongeza madhara. Akifika ngazi ya 5 anapata mashambulizi mawili kwa zamu, kwa hiyo anaweza kuongeza yote mawili. Joka dogo linaweza kuondoka duniani kwa zamu moja. Katika kitabu cha 2024, pigo hilo limefanywa apizo kamili, na kulitamka kunakula kitendo cha ziada, ambacho kila mhusika anapewa kimoja tu kwa zamu. Basi ni mara moja. Tena kwa kuwa sasa ni apizo, mchawi wa upande wa pili anaweza kulizima kabla halijafanya kazi. Aliyesimama mezani siku ile alikuwa dada wa Mombasa anayesoma sheria, na paladini alikuwa wake. Alidai, kwa ufasaha wa mtu anayejiandaa kwa mahakama, kwamba haki iliyokwisha kupatikana hainyang'anywi kwa kitabu cha baadaye. Msimulizi alimjibu kwamba majoka nayo yana haki.

Mtu atasema: si mbaki na kitabu cha zamani? Kampuni haiji kukagua meza ya mtu. Ni kweli, na meza nyingi hubaki. Lakini kubaki kuna gharama yake. Mchezaji mpya anakuja na kitabu kipya. Mikasa mipya, yaani hadithi zilizoandikwa tayari kwa kuchezwa, inafuata kanuni mpya. Na siku hizi karatasi za wahusika wengi ziko mtandaoni, ambako mwenye mtambo anaweza kubadilisha kitu usiku umelala. Agosti 2024, wiki chache kabla ya kitabu kutoka, D&D Beyond, jukwaa rasmi la mchezo, lilitangaza kwamba nafasi ya maapizo na vifaa vya uchawi vya zamani itachukuliwa na matoleo mapya ndani ya karatasi za wahusika. Watu walikuwa wamevinunua vitu hivyo kwa pesa zao. Kelele zilipigwa, na ndani ya siku chache kampuni ikarudi nyuma. Tukio hilo lilinionyesha kuliko jingine lolote kwamba hofu ya mashabiki ina mzizi.

Jinsi hamu inavyopikwa

Subira hii ina historia ndefu, na mwanzo wake ni wa kuchekesha. Kanuni za toleo lililoitwa Advanced Dungeons & Dragons zilitoka kitabu kimoja kwa mwaka: cha madubwana 1977, cha wachezaji 1978, cha msimulizi 1979. Yaani wachezaji walipata orodha ya vitu vya kuwaua mwaka mzima kabla ya kupata kanuni kamili za kutengeneza watu wa kuuawa. Katikati walijaza mapengo kwa vitabu vya zamani, dondoo za magazeti na ubishi. Nadhani tabia ya kubishania kitabu kisichokuwepo ilizaliwa hapo.

Baadaye kampuni zilijifunza kuipanga subira. Mwezi wa Agosti una tamasha la michezo ya mezani la Gen Con, lililoanza Lake Geneva mwaka 1968 na sasa hufanyika Indianapolis. Hapo ndipo ahadi nyingi kubwa zimekuwa zikitolewa au kutimizwa. Toleo la 3 la D&D lilitoka Agosti 2000 katika tamasha hilo. Toleo la 4 lilitangazwa hapo Agosti 2007, likatoka Juni 2008. Pathfinder wa pili ulitoka Agosti 2019. Lakini kutangaza mapema ni kisu chenye makali kuwili. Siku unapotangaza kitabu kipya, umewaambia watu wasinunue cha zamani kilichojaa ghalani. Ndiyo maana Wizards, ilipotangaza mwelekeo wake mpya Agosti 2022, ilikwepa kabisa kuuita toleo la 6 na ikasisitiza kwamba vitabu vya zamani vitaendelea kufaa. Mashabiki waliitafuna kauli hiyo kwa miaka miwili. Ukiniuliza mimi, ni nusu kweli: mikasa ya zamani inachezeka, wahusika wa zamani wanahitaji kushonwa upya hapa na pale.

Kisha lipo toleo la majaribio. Kampuni inatoa bure kurasa kadhaa za kanuni ambazo hazijakomaa, watu wanazicheza, wanajaza dodoso, kanuni zinarekebishwa. D&D ya 2014 ilipikwa hivyo kuanzia 2012, na ya 2024 vilevile. Hii si geresha tupu. Mapema 2023 walipendekeza kwamba druidi, yule mlinzi wa pori anayejigeuza mnyama, asiwe tena dubu au chui halisi kutoka kwenye orodha ya wanyama, bali achukue umbo la jumla lenye takwimu zile zile. Wachezaji waliukataa mpango huo kwa ghadhabu, ukatupwa, na druidi wa 2024 bado anageuka dubu.

Tatizo la majaribio ni kwamba yanaacha kumbukumbu. Mtu anasoma pendekezo Oktoba, analipenda, analicheza, analihesabu kuwa lake. Kitabu kikitoka bila hilo anaona ameibiwa kitu ambacho hakikuwahi kuwepo. Kaka wa Goma alikuwa na mhusika aliyejengwa kwa kanuni za majaribio pekee, na hadi leo anamtaja kama marehemu.

Januari ya leseni

Hapa ndipo mambo yanapopinda, na wengi wanaoanza mchezo hawaelewi kwa nini wakongwe hununa ikitajwa leseni. Ni jambo la kisheria, lakini ndilo linaloamua ni vitabu gani vitakuwepo vya kusubiriwa.

Mwaka 2000 Wizards ilitoa kiini cha kanuni za D&D chini ya leseni huria iliyoitwa OGL. Kampuni yoyote, hata mtu mmoja chumbani kwake, aliweza kutumia kanuni hizo kutengeneza vitabu vyake na kuviuza. Wizards haikulipwa kitu, ila kila kitabu cha jirani kilimfanya mnunuzi ahitaji kitabu chake kikuu. Likazaliwa soko zima. Mwaka 2008 toleo la 4 lilipokuja na leseni nyingine yenye masharti makali, na iliyochelewa, Paizo iliamua kuendelea na kanuni za zamani kwa njia yake. Ndivyo Pathfinder ulivyozaliwa.

Mapema Januari 2023 ikavuja rasimu ya leseni mpya. Ile ya zamani ingefutwa, wachapishaji wakubwa wangetoa taarifa za mapato na kulipa sehemu yake. Mashabiki hawakungoja ufafanuzi. Walifuta malipo yao ya kila mwezi D&D Beyond kwa wingi. Paizo ilitangaza leseni mbadala iitwayo ORC, na baadaye ikasema kwamba akiba ya miezi minane ya kitabu chake kikuu iliisha kwa wiki mbili. Wizards ikatoa rasimu nyepesi zaidi na kuomba maoni; kati ya zaidi ya majibu 15,000, asilimia 88 walisema hawataki kuchapisha chini yake. Tarehe 27 Januari kampuni ikasalimu amri: ikaacha leseni ya zamani ilivyo, na juu yake ikaweka kiini cha kanuni zake, hati ya kurasa 403 iitwayo SRD 5.1, chini ya Creative Commons, leseni huria isiyo mali ya kampuni yoyote ya michezo. Hilo haliwezi kurudishwa nyuma.

Matokeo yake yanaonekana kwenye rafu. Paizo, ili isitegemee tena hisani ya mtu, iliandika upya vitabu vyake vikuu, ikaanza kuvitoa Novemba 2023, ikang'oa kila kilichonuka D&D. Ule mgawanyo wa wema na uovu unaoandikwa kwenye karatasi ya kila mhusika uliondolewa. Majoka ya kupangwa kwa rangi yakaondolewa. Hata apizo maarufu la mishale isiyokosa likapewa jina jingine. Wapo waliosubiri vitabu hivyo wakitarajia mchezo mpya, wakapata mchezo ule ule umehamia nyumba nyingine. Mimi naona ni kazi nzuri iliyofanywa kwa haraka. Wengine mezani hawakubaliani nami, na wana hoja, hasa kuhusu majoka.

Wachapishaji wengine waliamua kujenga kwao. Kobold Press walitoa Tales of the Valiant mwaka 2024. Darrington Press walitoa Daggerheart Mei 2025. MCDM waliomba michango Desemba 2023, wakapata zaidi ya dola milioni 4, na kanuni zao ziitwazo Draw Steel zikawafikia wachangiaji kwa PDF mwaka 2025. Kwa hiyo mtu anayeshangaa kwa nini ghafla kuna vitabu vingi vya kusubiri kwa wakati mmoja, ajue chanzo ni wiki tatu zile za Januari.

Kulipia kisichokuwepo

Michango ya umma mtandaoni imebadilisha maana ya kusubiri. Zamani ulisubiri, kitabu kikatoka, ukalipa. Sasa unalipa, kisha ndipo unasubiri. Mchezo wa ulimwengu wa Cosmere, ule wa riwaya za Brandon Sanderson, ulikusanya zaidi ya dola milioni 15 kwenye Kickstarter mwaka 2024. Pesa hizo zilitolewa na watu kwa ahadi, michoro michache na sampuli ya kanuni.

Aliyelipa hasubiri kama mnunuzi. Anahesabu barua za maendeleo, anasoma kwa makini kila ucheleweshaji, anaanza kusema "kitabu chetu". Na ucheleweshaji haukosi, kwa kuwa kazi hizi zina hatua nyingi: kuandika, kujaribu, kuchora, kupanga kurasa, kuchapa, mara nyingi China, kisha kontena baharini. Machi 2021 meli ya Ever Given ilipokwama Suez kwa siku sita, na nauli za makontena zikawa tayari zimepanda kwa sababu ya korona, mashabiki wa majoka waligeuka wachambuzi wa bandari. Ilichekesha kidogo, lakini ndiyo hali: kitabu kizito cha jalada gumu ni mzigo kabla hakijawa hadithi.

Kwa mtu wa Kampala kuna kizingiti kingine, nacho ni kulipa kwenyewe. Pesa yako iko kwenye simu, MTN au Airtel, na mchangishaji anataka kadi. Siku hizi unaweza kutengeneza kadi ya mtandaoni ukaijaza kutoka kwenye simu, na hufanya kazi mpaka siku usiyotaka igome. Halafu unafika mwisho wa fomu, unachagua Uganda kwenye orodha ya nchi, na gharama ya kusafirisha inakaribia bei ya kitabu, au nchi haimo kabisa. Wengi mezani kwetu huchagua PDF tu hapo hapo na kufunga mjadala.

Kalenda ya masanduku

Ndiyo kusema kila kitabu kina tarehe mbili. Ya kwanza hutangazwa na kampuni. Ya pili hakuna anayeitangaza: siku kitakapoingia Kampala.

Vitabu vitatu vikuu vya D&D vya toleo jipya vilitoka Marekani kwa awamu: cha wachezaji, chenye kurasa 384, tarehe 17 Septemba 2024; cha msimulizi 12 Novemba; cha madubwana 18 Februari 2025. Kila kimoja kiliuzwa dola 49.99, yaani karibu shilingi 180,000 za Uganda. Vyote vitatu vinaelekea nusu milioni na ushee kabla ya nauli. Njia ya kampuni za mizigo ipo: unaagiza, kinashukia ghala la Marekani, kinapimwa kwa kilo na kuletwa kwa ndege. Kwa kitabu chembamba si mbaya. Kwa kurasa 384 za karatasi ya kung'aa, maji yanazidi unga.

Njia iliyozoeleka ni ndugu. Waganda wengi wako Waltham, karibu na Boston, na Desemba wanarudi kula Krismasi. Kwa hiyo Septemba na Novemba zilikuwa tarehe njema sana kwetu: vitabu viwili vya kwanza viliwahi masanduku ya Krismasi, kimoja kikaingia Entebbe katikati ya viatu vya watoto na chupa za vitamini. Cha madubwana kilitoka Februari, ndege zikiwa zimeshapita. Kilichofuata ni meza yenye mashujaa wapya kabisa wakipigana na mazimwi ya mwaka 2014, na msimulizi akirekebisha nguvu zao kwa kalamu ya risasi. Mkurugenzi wa mauzo wa Wizards huko Renton, Washington, hakulifikiria hilo alipopanga ratiba, wala simlaumu. Ila ukitaka kujua kwa nini mashabiki wa huku husoma tarehe ya kutoka kwa jicho tofauti, anza na kalenda ya masanduku.

PDF ingemaliza tatizo, na hapa kampuni zinatofautiana sana. Paizo huuza PDF za vitabu vyake kwa bei ya chini ya jalada gumu, na kanuni zote za Pathfinder zinasomwa bure, kwa ruhusa, kwenye tovuti ya Archives of Nethys. Wizards haiuzi PDF za vitabu vikuu vya sasa; ukitaka kidijitali unanunua ndani ya D&D Beyond, jukwaa ambalo Hasbro ililinunua mwaka 2022 kwa dola milioni 146.3, na unasoma ukiwa ndani ya mfumo wao. Kwa mtu anayenunua bando la intaneti lenye kodi ya asilimia 12, iliyoanza Julai 2021 baada ya ile ya shilingi 200 kwa siku kwenye mitandao ya kijamii kufutwa, tofauti hiyo si ndogo. PDF unaipakua mara moja kwenye mtandao wa chuo, umeme ukikatika unaendelea kusoma kwa simu. Ukweli ni kwamba meza kadhaa ninazozijua zilihamia Pathfinder kwa sababu hiyo tu, si kwa sababu ya majoka wala leseni.

Kinachosubiriwa kutoka hapa

Ile hati ya kurasa 403 niliyoitaja ina jambo ambalo mashabiki wetu wengi hawajaling'amua. Creative Commons ya aina ile inaruhusu yeyote kuinakili, kuichapa, kuitafsiri, hata kuiuza, mradi amtaje mwenyewe kama inavyotakiwa. Aprili 2025 ikaongezwa SRD 5.2, yenye kanuni za 2024, kwa masharti yale yale. Kwa maneno mengine, unaweza kwenda Nasser Road, mtaa unaochapa kila kitu kuanzia kadi za harusi hadi mabango ya uchaguzi, ukampa fundi faili, akatoa kurasa pande zote mbili na kufunga kwa waya, na hujamwibia mtu. Nakala ya meza yetu ni nyeusi na nyeupe, haina picha hata moja, jalada lake ni la bluu kwa kuwa siku hiyo nyekundu ilikuwa imekwisha. Lile pigo takatifu limo. Paladini kamili yumo. Wengi waliokuwa wakisubiri sanduku la Waltham walikuwa wakisubiri picha na mapambo zaidi kuliko kanuni, nami siwalaumu, maana picha ndizo zinazomfanya mtu atake kucheza.

Wizards yenyewe imetoa hati hiyo ya 5.1 pia kwa Kifaransa, Kijerumani, Kiitalia na Kihispania. Kiswahili hakimo, na kwa leseni hiyo hakuna haja ya kuwasubiri wao. Hiyo ni kazi inayoweza kufanyika Kampala, Arusha au Lamu, kipande kwa kipande.

Na lipo la pili, ambalo kwangu ndilo zito. Vitabu vya kuiweka Afrika kwenye michezo hii vimekuwepo: Nyambe ya Atlas Games ilitoka 2002, na karibuni kuna ulimwengu wa Wagadu wa studio ya Twin Drums. Kila kimoja kina mazuri yake, lakini ni bara zima limekamuliwa kwenye chungu kimoja. Mchezaji wa hapa anaweza kutaka kitu cha karibu zaidi. Hadithi za Bachwezi, watawala wa kale katika masimulizi ya magharibi mwa Uganda, zimejaa mikasa iliyokwisha kupangwa tayari. Nyamiyonga, mfalme wa kuzimu, anamtumia mfalme Isaza mafumbo. Isaza anayafumbua kwa msaada wa mjakazi. Kisha anaombwa agano la damu, anaogopa, anamtumia mlinda lango wake Bukuku achanje badala yake. Nyamiyonga anagundua hila, na kisasi chake kinaanza na binti mzuri, kinaishia na ng'ombe wawili wa ajabu wanaomvuta Isaza mpaka ardhi inamfunika. Mafumbo, usaliti, mlango wa kuzimu. Msimulizi gani ataomba zaidi? Na ukitaka ramani ya ngome, Bigo bya Mugenyi iko pale Sembabule, mahandaki yake yakienda zaidi ya kilomita 10, na masimulizi yanaihusisha na Bachwezi hao hao.

Leseni si kikwazo tena, na hadithi hazina mwenye hati. Kinachokula pesa ni michoro. Mchoro mmoja wa rangi wa ukurasa mzima unaweza kugharimu kuliko mwandishi anavyolipwa kwa sura nzima, na kitabu cha ukubwa wa kawaida kinataka makumi yake. Wahitimu wa shule ya sanaa ya Margaret Trowell pale Makerere wanaweza kuichora kazi hiyo vizuri, ila nao wanakula.

Meza ya Kansanga imeamua kuanza kwa njia ya bei nafuu: mkasa wa Isaza kwa wahusika wa ngazi ya 1 hadi ya 4, bila picha, PDF na nakala chache za waya. Dada wa Mombasa ndiye mhariri, na ameshafuta aya tatu zilizompa Nyamiyonga nguvu ambazo, kwa maneno yake, hazina msingi katika kanuni. Wachezaji wa mitaa mingine wameanza kuuliza kitatoka lini. Hawajibiwi. Tarehe itatajwa siku nakala zitakapokuwa zimeshachukuliwa Nasser Road na kulipiwa.